Vyumba Ishirini na Saba vya Kipande

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba tulifanya kazi siku thelathini bila kushika senti, hutuona wajinga. Labda tulikuwa wajinga. Ila ujinga wangu mimi haukuwa huo. Wangu ulikuwa mwingine, na mpaka leo nikiukumbuka huwa nasonya peke yangu.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nimeajiriwa kukata boriti kwenye mikoko ya Salale, katika kambi ya tajiri mmoja ambaye hatukuwahi kumwona. Tuliowaona ni karani wake na nyapara. Siku ya kwanza karani alinipa kipande, yaani kadi ngumu yenye vyumba thelathini vidogo. Ukikata nusu korija, boriti kumi zilizonyooka, nyapara akazikubali, karani anakutilia alama chumba kimoja. Vyumba vikijaa vyote, unalipwa. Visipojaa, hupati kitu. Siku ya homa haina alama, na maji ya bamvua yakitufungia njia ya mikokoni, hiyo nayo hasara yetu.

Sikwenda kule kutafuta nguo ya Idi. Nilikwenda kwa ajili ya kodi ya baba. Alikuwa na nyumba yake ya udongo nje kidogo ya Kibiti, na muda wa kuilipia kodi ulikuwa umempita. Jumbe, kwa kuwa walicheza pamoja utotoni, alimvumilia mpaka mwezi uandame. Baada ya hapo angepelekwa barabarani kuilipa kodi kwa jembe, na kifua chake kilikuwa kibovu, akikohoa jirani wanaamka. Kipande changu kikijaa, baba anabaki nyumbani. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza kila nilipoinua shoka.

Chumba cha ishirini na saba kilitiwa alama jioni. Asubuhi yake akaja binamu yangu kwa mtumbwi, akaniambia mama ana homa kali, hajala tangu juzi. Sikufikiri mara mbili. Nilikwenda mahali pangu pa kukatia, nikalichomeka shoka kwenye shina la mkoko niliokuwa nimeuanza, nikapanda mtumbwi.

Hapo ndipo nilipokosea, wala sikujua. Kijijini kwetu, watu wakilima kwa ujima, mwenye dharura hulisimamisha jembe lake kwenye tuta lake akaenda. Hasemi. Kutangaza kazini kwamba unakwenda kwa mgonjwa ni kumwitia msiba. Jembe likisimama, kila mtu anajua mwenyewe atarudi, na hakuna atakayeligusa tuta lile. Basi mimi niliacha shoka langu, nililolinunua kwa fedha yangu, nikaamini nimekwisha sema kila kitu.

Mama nilimkuta ameanza kunywa uji. Nilimuuguza siku tatu, akapata nafuu, nikarudi Salale.

Nyapara, mtu wa bara, alinipokea akicheka. "Mtoro karudi," akasema. Nikampita, nikaenda kwa karani aliyekuwa mezani kwake bandani.

"Ulimuaga nani?" karani akaniuliza.

"Niliacha shoka, bwana karani."

"Sasa shoka ndilo liniambie mimi umekwenda wapi?"

Nikamweleza habari ya ujima. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo liliniuma zaidi, maana hakuwa mtu mbaya.

"Ndugu yangu," akasema, "ungekuja hapa ukaniambia bwana naomba ruhusa, ningeandika, na siku zako zingekungoja. Mtu akiondoka kimya ni mtoro, na sheria iko na tajiri. Kipande chako nimekwisha kifuta. Jina lako limepelekwa boma. Ukienda kushitaki, utakayeshikwa ni wewe."

Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Hayakunirudishia hata alama moja.

Mwezi uliandama nikiwa njiani. Nilipofika nyumbani, baba alikuwa amekwisha chukuliwa, na mama akaniambia askari walikuja pia kuniulizia mimi. Sikumsikiliza. Nilishika njia nikamkuta baba barabarani, katika mstari wa watu wanaochimba mtaro, ndevu zimejaa vumbi, askari wa boma amesimama karibu yao. Nilitaka kumpokea lile jembe nichimbe badala yake. Nikasogea, nikasema, "Shikamoo, baba."

Aliinua uso akanitazama. Macho yake yalikuwa mazima. Askari akamgeukia.

"Huyu nani wako?"

"Simjui," baba akasema. "Mpita njia tu, anaamkia wazee." Akainama akaendelea kuchimba.

Nikapita. Nilikwenda zangu kama mpita njia kweli, wala sikugeuka. Najua alikuwa akiniokoa. Lakini mimi nilipita kwa woga, na sioni sababu ya kuliita jambo hilo kwa jina jingine.

Nilijificha kwa wajomba ng'ambo ya mto, upande wa Nyamwage, nikingoja boma wanisahau. Baba aliimaliza kodi yake, akarudi nyumbani, kifua kikamlaza. Walimzika mimi sipo. Kwa hiyo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwa baba yangu ni kwamba hanijui.