Jicho Lisilofika Sahanini

Nilipoolewa Homa Bay niliamini kwamba nimeangukia kwenye kijiji chenye watu wakarimu kuliko wote. Kila niliyemwona upande wa pili wa uwanja alikuwa na uso laini, usio na kinyongo hata chembe. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyuso zote za dunia huwa hivyo ukizitazama kwa macho mabovu.

Mimi ni Mkuria wa Migori mjini. Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu. Mume wangu, Mjaluo, alikuwa mwalimu kisiwani Mfangano na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote nilikaa na mama yake, mjane, Msabato wa kufa na kupona, aliyeniita Nyar Migori, yaani binti wa Migori. Tulizungumza kwa Kiswahili, chake kikiwa hakijali ngeli na changu kikijidai kinajali.

Macho yangu yalikuwa hivyo tangu shuleni. Cha karibu nilikiona mpaka mguu wa sisimizi. Cha mbali kilikuwa ukungu mtupu. Sikuwahi kulalamika kwa sababu nilidhani kila mtu anaona hivyo hivyo. Darasani nilikaa dawati la mbele, walimu wakanisifu kwa bidii. Nikitaka kuona kitu nilichomoza shingo, nikafinya macho, nikakaza. Na kwa bibi arusi mgeni, kitu cha kukazia macho kuliko vyote ni sahani za watu. Je, mboga imetosha? Ugali wangu unaliwa, au unasukumwa pembeni kwa adabu? Macho hayana pazia, nami nilitazama bila kujizuia.

Polepole nikaanza kuona, kwa kadiri nilivyoweza kuona, desturi ngeni. Watu wa kule walikula wakinipa mgongo. Nikajua ni heshima kwa mke mpya, nikamsifia mume wangu malezi ya kwao. Mama mkwe alikula chumbani kwake, mlango umefungwa. Nikajua anasali kwanza, na sala za Wasabato ni ndefu. Halafu kulikuwa na neno moja ambalo wanawake walilinong'ona mtoni kila nilipowafinyia macho ili nijue ni nani na nani: sihoho. Sikuwa mjinga. Nikajumlisha mwenyewe kwamba sihoho ni Kijaluo cha kutoona mbali. Nilifurahi hata, kwamba ugonjwa wangu una jina, na kwamba majirani wameugundua wakauonea huruma.

Siku moja mtoto wa jirani alikula omena, dagaa wa ziwani, kwetu, akalala akiumwa tumbo. Akaitwa mwanamke mmoja wa kijiji cha juu, mwenye pembe ya ng'ombe, akalikanda lile tumbo akatoa vipande vya omena vikiwa vizima, bila kisu wala kidonda. Hivyo ndivyo walivyosema walioona. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, sikuona kitu.

Kesho yake mama mkwe alinikalisha chini.

"Nyar Migori, bwana yako akikuja mwisho ya mwezi tutaongea. Hii macho yako, hapana. Afadhali urudi kwenu."

"Kwa sababu ya macho tu, Mama?"

"Kwani unataka iwe na nini ingine?"

Nilimpenda mume wangu, na mama yake pia nilikuwa nimeanza kumpenda, kwa hiyo nililia hadi nikapaliwa. Kufukuzwa kwa kutoona mbali! Hata kwetu, ambako watu hawana mchezo, sikuwahi kusikia. Nilipotulia nikamwambia kwamba nimesikia kuna kliniki ya macho imekuja mjini, na kwamba sihoho yangu nitaipeleka ikatibiwe.

"Hospitali inatibu hiyo?" aliuliza.

"Inatibu, Mama."

"Tutaenda wote," alisema. "Hiyo mimi nataka kuona."

Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi uani, wakisubiri, wakila mandazi na ndizi. Daktari alikuwa mama mmoja wa Pwani aliyewahoji wagonjwa pale pale mlangoni, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi. Akaniuliza shida yangu. Nami, kwa kuwa nilijua jina la shida hiyo kwa Kijaluo na nilitaka wenyeji wajue kwamba najifunza, nikapaza sauti.

"Nina sihoho, daktari."

Mandazi yote yakarudi mifukoni. Mzee mmoja aliyekuwa na ndizi aliimeza nzima. Benchi lililokuwa karibu nami likabaki tupu, na mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Daktari, ambaye alikuwa mgeni wa Kijaluo kama mimi, alimgeukia msaidizi wake, na msaidizi akamjibu kwa sauti ya chini ambayo uani kote ilisikika.

"Ni jicho mbaya, madam. Mtu akiangalia chakula yako, inakwama kwa tumbo."

Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi miezi yote ile hakuna aliyeniambia. Migongo ile, mlango ule, sala zile ndefu! Niliona aibu, nikainamisha macho.

"Hiyo mimi sina dawa yake," alisema daktari. "Keti, usome ubao."

Nilisoma herufi moja tu, ile kubwa ya juu. Akanivisha fremu ya chuma, nzito, akawa anachomeka vioo na kuvichomoa huku akiuliza "hii, au hii?" mpaka herufi za chini zikasimama wima. Kisha akamwelezea mama mkwe. Jicho langu ni refu kidogo kupita kawaida, picha ya kitu cha mbali inaishia njiani, haifiki panapotakiwa. Kioo cha miwani kitaisogeza ifike.

"Ngoja, daktari. Haifiki?"

"Bila miwani, haifiki."

"Sasa mimi nikikula kule, na yeye ako hapa, haifiki?"

"Mama, huyu kitu kikishapita urefu wa mkono wake, ni ukungu."

Daktari alizungumzia picha kufika jichoni. Mama mkwe alisikia jicho kufika sahanini. Sikuona sababu ya kumsahihisha. Naye akapimwa, akaambiwa macho yake ni ya umri, ya kutoona karibu, anahitaji miwani ya kusomea. Alikataa kabisa. Alisema macho yake ni mazima, ila Biblia za siku hizi zinachapwa kwa wino mbaya.

Njia nzima ya kurudi alimtangazia kila tuliyekutana naye: "Huyu mtoto yangu ni kipofu tu." Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi. Kwa majuma mawili nilikuwa kipofu mwenye heshima zake. Watu walitafuna miwa mbele yangu, wakanitazama machoni kwa raha.

Kisha miwani ikaja. Niliona majani ya mti, moja moja. Niliona pia nyuso za majirani, na hazikuwa laini hata kidogo. Migongo ikarudi siku ile ile. "Sasa inafika," walisema, na kwa kweli hesabu yao haikuwa na kasoro.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi, mama yake alimsubirisha mpaka amalize chai. Nilisimama jikoni nguo zangu zikiwa tayari kwenye begi.

"Hakuna kitu ya kuongea," alisema hatimaye. "Hiyo miwani avae kwa soko, avae kanisa. Saa ya kula, atoe."

Mume wangu alicheka. Mimi sikuweza.

Jioni hiyo mama mkwe alitoka na kigoda chake chumbani, akaweka sahani moja ya ugali na samaki kati yetu. Nikavua miwani. Akaona niko mbali, akasogea, akasogea tena, mpaka magoti yetu yakagusana, pale ambapo jicho langu halihitaji msaada wa mtu. Niliona kila mfupa wa samaki, na mafuta kwenye kidole chake gumba, na tonge lilivyosimama kidogo mbele ya mdomo wake kabla hajalitia. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anakula. Kwa macho yake yale hakuweza hata kujua ninatazama wapi. Nilimpenda sana wakati ule, nami nilimtazama mpaka akameza.