Mjukuu wangu alichagua chuo cha meno cha mbali, na mimi nilikuwa nimekataa kabisa

Wakuu wa humu ndani, pokeeni salamu kutoka Kieni, huku juu ya Nyeri mahali baridi inauma mpaka mfupa.

Mimi ni cucu wa watu, yaani nyanya. Shule nilifika darasa la nne tu, kwa hivyo mkipata mahali nimeandika vibaya, rukeni mwende mbele. Lakini ile kitu nitasema ni ile ilifanyika, hata pale inaniaibisha.

Nimeona watu hapa wakiuliza kama mtoto asome karibu na nyumbani ama mbali. Wacha niwape yetu.

Niko na mjukuu anaitwa Wamuyu. Hata mimi naitwa Wamuyu. Kwetu, msichana wa kwanza wa kijana yako anapewa jina yako, kwa hivyo huyo mtoto ni mimi. Baba yake ni Kariuki, yule nilizaa na hii tumbo, na anamwita "maitu", yaani mama yangu. Hajawahi kumchapa hata siku moja. Nani atachapa mama yake?

Nilimlea mimi. Aliletwa kwangu akiwa na miezi kumi, wazazi wake wakarudi kazi Nanyuki.

Na huyu mtoto ni kichwa. Form Four alipasua mtihani mpaka principal akanipigia simu mwenyewe. Akasema anataka kuwa daktari. Sio daktari ya watu wote, daktari ya meno.

Jirani yangu akaniuliza, "Amesoma hivyo yote ati akaangalie watu mdomo?"

Nikamwambia, "Yako ndiyo ataanza nayo, aishone."

Sasa shida ikaanza hapo.

Marks yake ilikuwa inaweza kumwingiza vyuo mbili. Moja iko karibu. Ukipanda gari asubuhi, saa ya lunch umefika. Ingine iko mbali, unavuka Rift Valley yote, unafika miguu imefura.

Ilikuwa lazima aseme ni gani anaweka ya kwanza, na portal ya kuomba vyuo ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Mimi nikasema karibu. Sikutaka maneno mingi. Goti yangu ni mbaya, ng'ombe ni wawili, na usiku nyumba ikiwa na mtu mmoja inakuwa kubwa sana. Ukweli ni hiyo. Nilikuwa nasema ni kwa ajili yake, lakini ilikuwa ni kwa ajili yangu.

Yeye akasema mbali.

Tukamwita Kariuki aamue. Akakuja Jumapili, akakunywa chai vikombe tatu. Akaniangalia mimi. Akaangalia msichana. Akasema, "Mimi siwezi. Huyu ni mama na huyu ni mama. Nikikataza mmoja nimelaaniwa, nikikataza mwingine pia nimelaaniwa. Ongeeni nyinyi wenyewe mkimaliza mniambie."

Akachukua kofia akarudi Nanyuki. Bibi yake hata hakukuja. Huyo ni mwerevu.

Basi tukabaki mama wawili na siku tano.

Wakuu, hapa ndipo nilianza kumwona huyu mtoto vizuri. Mimi nilidhani atalia, ama atanuna, ama atapigia baba yake simu kwa siri. Hakufanya hivyo. Alichukua exercise book akachora mstari katikati ya page, upande huu karibu, upande huu mbali. Halafu akaniambia, "Cucu, twende tuulize watu wamesoma huko. Tusikie kwa mdomo yao."

Nikakubali haraka, kwa sababu nilijua wataniunga mkono. Nani atamwambia mtoto aache cucu yake?

Jumatatu tukaenda Nyeri town kwa daktari wa meno alisomea kile chuo cha karibu. Mzee mpole. Alisifu chuo chake vizuri sana, walimu, mashine, kila kitu. Nikafurahi, nikamfinya Wamuyu kiuno.

Yeye hakuuliza mambo ya hostel wala chakula. Aliuliza, "Daktari, mwanafunzi anaanza kushika mgonjwa mwaka gani?" Akaandika. Halafu akauliza swali sikuelewa: "Na wale wako na meno ya maji, mlikuwa mnaona wangapi?"

Daktari akasema wachache, ile mingi alisoma kwa kitabu. Akaandika hiyo pia.

Jumatano tukaenda Kerugoya kwa daktari mwanamke, alisomea huko mbali. Ni mama wa miaka kama arobaini, mikono mikubwa kama ya mtu wa kuchuna majani chai. Nilimpenda hapo hapo.

Mimi nikauliza ya kwanza. "Huko mbali, mtoto akishikwa na homa nani anampikia uji?"

Akacheka. "Wenzake, cucu. Ni mbaya, haina hata sukari ya kutosha, lakini anakunywa."

Halafu Wamuyu akauliza ile swali yake ya meno ya maji. Daktari akamwambia, "Hao ndio wengi. Kila clinic wako. Mbona unauliza?"

Na mtoto wangu akafanya kitu sijawahi kuona akifanyia mgeni. Akatoa mkono kwa mdomo, akafungua, akamwonyesha.

Wacha nieleze. Wamuyu meno yake ni brown. Sio kidogo, ni brown ya kutosha, na alama kama udongo imekauka. High school wasichana walikuwa wanamwita strungi, ile chai haina maziwa. Anacheka akiwa amefunika mdomo na mkono, kila siku, mpaka mimi nilidhani ni adabu.

Mimi nikaingilia haraka, sikutaka daktari afikiri nililea mtoto mchafu. Nikasema, "Daktari, hiyo nilijaribu. Nilimsugua na jivu ikakataa."

Akaweka kalamu chini. "Na jivu?"

"Jivu ya jiko. Meno ya pili ikitoka. Nilisugua mpaka damu. Na nikamchapa, kwa sababu alikuwa anasema ameswaki na mimi naona hajaswaki."

Yule mama hakunitukana. Alisema polepole, "Cucu, hiyo si uchafu. Ni maji. Jino inapata hiyo rangi ikiwa bado ndani ya ufizi, mtoto akikunywa maji iko na dawa fulani ya mawe ya chini. Hata ungesugua na msasa haingetoka. Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya borehole."

"Ilichimbwa lini?"

Wakuu, mimi ndio nilipigania hiyo borehole. Nilikuwa kwa committee. Nilienda ofisi ya wakubwa nikakaa kwa ngazi yao siku nzima mpaka wakatusikiza. Kabla ya hiyo tulikuwa tunabeba maji ya mto na mgongo, na ndio maana meno yangu ni nyeupe mpaka leo, ile imebaki. Siku borehole ilifunguliwa niliimba mpaka sauti ikaisha. Wamuyu alikuwa mgongoni.

Na watoto wote wa huko kwetu wakaanza kutoka meno ya brown, na sisi wamama tukasema ni sweets. Ni uvivu wa kuswaki. Tukasugua.

Tulitoka hapo. Tukakaa mahali pa chai hapo Kerugoya. Nikamuuliza, "Wewe ulijua ni maji?"

"Tangu Form Two. Tulisoma."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini, cucu? Ungefunga borehole? Watu wangekunywa nini?"

Nikasema nilimchapa bure. Akasema, "Ulinichapa hata kwa sababu ya kuvunja kikombe, na hiyo nilikuwa nimevunja. Kunywa chai."

Huyo ndio mtoto nawaambia. Amebeba hiyo kitu miaka yote na hakuniaibisha. Na hakutaka mbali ati anitoroke. Alitaka mbali kwa sababu maji ya huko ni kama yetu, na mdomo ya huko ni kama yake, na hapo ndipo mkono yake itafundishwa.

Nikapigia Kariuki simu hapo hapo. "Mama yako anaenda mbali."

Akashtuka. "Mama gani?"

"Yule mdogo. Mkubwa anabaki na ng'ombe."

Alhamisi akaingia portal, akaweka. Akachukuliwa.

Ile siku aliondoka sikulia. Nilimpa blanketi mbili na nikamwambia asinipigie simu kila saa kama mtu hana kazi. Nililia kesho yake nikikamua, na ng'ombe hasemi kwa mtu.

Sasa yuko mwaka ya tatu. Juzi ameanza kushika wagonjwa.

Na mimi pia nilikuwa na yangu ya kufanya. Kwa mkutano ya maji nilisimama mbele ya watu wote nikasema: hii borehole niliileta mimi, na hii maji ndiyo imechoma watoto meno. Tuoge nayo, tunyweshe ng'ombe, lakini mtoto mdogo apewe maji ya mvua. Mzee mmoja akapiga kelele, "Sasa mjukuu ameingia university ndio maji imekuwa mbaya?" Nikamwambia alete wajukuu wake hapa mbele wacheke tuone. Akakaa chini. Hakuna mtu alipiga makofi. Lakini mvua ya Aprili nilihesabu tangi saba mpya chini ya mabati.

Mimi ile nimejifunza ni hii. Mtoto akisema anataka mbali, usikimbilie kuhesabu kilomita na goti yako. Muulize ni nini iko huko. Halafu ufunge mdomo, umwache amalize kujibu. Mimi nilikaa karibu na huyo mtoto miaka kumi na nane na sikuwa nimemuuliza kwa nini anafunika mdomo.

Sasa semeni. Wale mko na watoto wanachagua mwaka huu, mnaamua aje? Na kama huko kwenu maji pia inafanyia watoto meno hivyo, niambieni mnakunywa nini. Hata ukitaka kunitukana kwa ile jivu, tukana. Nitasoma zote, polepole, lakini nitasoma.