Chapa Juu ya Chapa

Studio moja ya Dar es Salaam ilikuwa inatafuta mchoraji wa katuni, na mtihani wake ulikuwa huu: buni tamthilia ya maajabu ambayo haipo duniani, kisha itengenezee ufunguzi wa dakika moja, ule unaotangulia kila sehemu ukiwa na muziki na jina la tamthilia. Tulipewa siku tisa. Mimi hapa Bariadi ninatengeneza kadi za harusi na fulana za mahafali, na nilishachoka kuulizwa kama naweza kuongeza maua. Niliitaka ile kazi mpaka chakula kikawa hakipiti.

Nikabuni ufalme ambao watu wake huweka kumbukumbu zao ndani ya ng'ombe. Anayebadili chapa ya ng'ombe wako amechukua na kumbukumbu zako, unabaki unamkodolea macho mkeo hujui ni nani. Ufunguzi wenyewe ulianza na paja la ng'ombe mwekundu, kwa karibu sana, manyoya yakitikiswa na upepo. Juu yake kuna chapa ya zamani, nusu duara na kijiti kimoja chini. Chuma cha moto kinashuka. Nusu duara inajifunga kuwa duara zima, kijiti cha pili kinaota kando ya kile cha kwanza, halafu alama yote inageuka kuwa lango la ufalme na jina linatokea. Duara lenye vijiti viwili ni chapa ya ng'ombe wa nyumbani kwetu Nkololo, niliiweka kwa mapenzi tu. Ile ya mwanzo nilijiambia ni ya kwetu iliyopunguzwa.

Pale duara linapojifunga, upande wa kushoto, niliweka kinundu, mstari mpya ukipanda kidogo juu ya ule wa zamani. Nilijaribu kukiondoa, ikabaki picha ya kompyuta tu. Nikakirudisha, ngozi ikaonekana inaungua kweli. Nikajisifu peke yangu kwamba kipaji ndicho hiki.

Siku ya nane, Jumamosi, uvumilivu ukanishinda, nikairusha kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Shangazi zangu wakapiga vigelegele vya maandishi. Mchana baba akapiga simu. Baba yangu hapigi simu, hupigiwa. Akasema kesho niende nyumbani na hiyo kompyuta, kwa sababu mzee jirani yetu ameoneshwa picha zangu na anataka kuziona vizuri. Nikamuuliza kuna nini. Akakata simu.

Zizi la mzee huyo linapakana na letu. Nilipokuwa mdogo aliibiwa ng'ombe watano, watu wakafuata nyayo mpaka zikapotelea mbugani, na ng'ombe hawakuonekana tena. Nkololo nzima inaijua habari hiyo. Inajua pia kwamba mtu akithibitika kumwibia jirani yake ng'ombe, kijiji kinamtenga: hapewi moto, hasaidiwi kulima, na akifiwa anazika mwenyewe.

Nilifika saa nane mchana. Mzee alikuwa amekaa sebuleni, kofia gotini. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," akaitikia kwa upole ulionitisha kuliko kama angefoka. Baba alikaa kwenye stuli karibu na mlango, utadhani yeye ndiye mgeni. Mama alileta chai akaondoka bila kuimimina. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mama hakunitazama hata mara moja.

Mzee aliangalia ufunguzi wote, akaomba niurudie. Mara ya tatu akaniambia nisimamishe kabla nusu duara haijajifunga. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii ni ya kwangu," alisema. "Ile inayokuja ni ya baba yako. Mwanangu, nani alikuonesha njia ya kutoka hapa kwenda pale?"

Akanieleza, bila haraka, kwamba chapa haifutiki, huongezwa tu, na panapoongezwa pana kinundu. Kinundu kama hicho, upande huo huo, aliwahi kukiona mnadani kwenye paja la ng'ombe wetu. Wakati ule hakumwambia mtu, maana kinundu si shahidi.

Ndipo ikanijia, na haikuja kama kitu cha kubuni. Ilikuwa asubuhi mapema, harufu ya nywele zilizoungua. Nimejifunga kanga ya mama, nachungulia nyuma ya mlango wa jikoni. Ng'ombe mwekundu amefungwa kwenye nguzo, baba amepiga goti na chuma mkononi, na ng'ombe yule tayari alikuwa na chapa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeutunza mstari wa chuma kile, nikauita kipaji.

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Nimebuni, babu," nikasema. "Nilichukua chapa ya kwetu nikaifuta nusu."

"Na hiki kinundu?"

"Ndivyo kompyuta inavyochora."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaniomba msamaha. Alisema amenidhania vibaya, na amemdhania vibaya na baba yangu, jirani yake wa miaka yote. Akanipa mkono. Akaomba aone tena mara moja, safari hii kwa raha zake tu, kwa kuwa picha zenyewe ni nzuri. Nikamwonesha. Aliangalia ng'ombe wake akigeuka kuwa wa kwetu, huku anatabasamu, na mimi ndiye niliyebonyeza.

Ule ufunguzi sikuutuma studio, ila hilo niliamua baadaye. Wakati ule mzee alikuwa ameshavuka uwanja, nami nahangaika na zipu ya begi, nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Baba hakuinuka kwenye stuli.

"Ulikuwa umesimama wapi?" akauliza.

"Nyuma ya mlango wa jikoni."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Nilidhani umelala."