Kofia za Mamangu na Mfumo Mpya

Ujumbe ulitokea asubuhi, mamangu akiwa katikati ya ua. Si ua la bustani, ua la kofia. Alikuwa akichora nakshi kwenye kompyuta yetu ya sebuleni, na mara kioo kizima kikafunikwa na maneno ya Kizungu.

"Ndoo umuone huyu," akaniita. "Ameingia hata hodi hakupiga. Yuwataka nini?"

Nikamfasiria: mfumo wa mashine hii umezeeka, walioutengeneza wameacha kuulinda dhidi ya virusi na wezi, na sasa watushauri tuweke mfumo mpya.

"Mwambie nina kazi," akasema, akabonyeza mpaka maneno yakaondoka.

Kazi yenyewe ni hii. Mamangu hushona kofia za mkono, zile nyeupe ambazo kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kitambaa kigeuke kama sega la nyuki. Zamani alichora nakshi kwa penseli, na ua moja likienda upande alianza upya, huku sisi wanawe tukitembea kwa ncha za vidole kana kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Kisha ikaja kompyuta, na ndani yake programu ndogo ya kuchorea. Yeye huchora kipande kimoja tu, na programu hukirudia kuzunguka ukanda wote wa kofia. Siku alipoliona jambo hilo mara ya kwanza alipiga kigelegele kilichosikika, bila kuongeza chumvi, mpaka Lamu. Printa ikishatoa karatasi, huilaza juu ya kitambaa, akaitoboa kwa sindano na kuisugua kwa buluu ya kufulia, na nakshi ikabaki kwenye nguo.

Na ua alilokuwa akilichora asubuhi ile halikuwa la kuuza. Dada yangu mdogo alikuwa ameposwa, na kwetu ni ada: anayeoa nyumba hii huvaa kofia iliyoshonwa na mama mkwe mwenyewe, na nakshi yake haijawahi kukaa juu ya kichwa kingine. Nakshi zote alizowahi kuchora zilikuwa ndani ya programu ile, na mpya huzaliwa kutokana na za zamani: jani la hapa, shina la pale.

Sasa, mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilisoma masomo ya jioni, mchana nikibeba mzigo dukani na magharibi nikikimbilia darasani, na cheti changu cha kompyuta kimetundikwa ukutani, kikubwa kuliko dirisha. Tangu hapo mtaa wote huniita injinia. Kuna jirani ameshaniletea pasi, na mwingine kuku asiyetaga. Kwa hivyo niliutaka mfumo mpya kama mtoto atakavyo viatu vya Idi. Na kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, ungeweza kwenda Marikiti, ukachagua embe, ukagombana na muuzaji, mkapatana, ukarudi, ukalimenya, na bado kile kiduara kinazunguka.

Tatizo lilikuwa moja. Programu ya mamangu ilikuwa kongwe, na nilipopekuapekua niliona kuwa mfumo mpya haungeikubali. Nikamwita shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliye na kibanda cha kutengeneza kompyuta Makupa. Akaja Ijumaa baada ya sala, kofia ya mamangu kichwani, laptopu yake kwapani. Alikula pilau sahani nzima ya watu wanne ndipo akamtazama mgonjwa.

"Yakhe, hii hata sokoni haiuzwi," akaniambia. "Wapandisha mfumo leo au wangoja ife?"

"Kwanza tuisafishe," nikasema, ili nisionekane sina la kusema.

Akafungua skrubu, akavuta ubavu wa kasha. Hewa iliyotoka mle ilitupiga usoni. Ilikuwa harufu ya udi. Si harufu kidogo. Ilikuwa kama mlango wa nyumba ya harusi umefunguliwa.

Shemeji akaingiza pua, akaitoa, akanitazama. "Hii kompyuta au biarusi?"

Ndani, feni ilikuwa imevaa vumbi jeusi linalonata, zito kama halua. Nikageuka kumtazama mamangu. Kila Alhamisi jioni huifukiza nyumba, chumba hadi chumba, na chetezo chake.

"Mama," nikauliza, "hii nayo waifukiza?"

"Mbona nisiifukize? Si ya nyumba hii?"

"Chetezo wakiweka wapi?"

"Hapo chini ya meza. Naona yavuta moshi yenyewe, kwa furaha. Hata kabati halifanyi hivyo."

Shemeji alicheka mpaka akakalia bisibisi. "Mama, umeifukiza roho yake! Miaka yote yavuta udi kama sultani, ndipo haikimbii!"

"Na wewe mwanangu wacheka nini," mamangu akamjibu, "na nguo zako zanukia mafuta ya taa?"

Tuliisafisha kwa brashi na spiriti. Tulipoiwasha, iliamka haraka hivi kwamba mamangu alikuwa bado hajakaa. Akapiga makofi. "Basi imepona. Mfumo wa nini tena?"

Hapo ikabidi nimweleze. Kupona kwa feni si kulindwa. Mashine iliyounganishwa na intaneti bila ulinzi ni nyumba isiyo na komeo. Siku moja ataingia mtu na kuharibu kila kitu, nakshi zote pamoja.

"Na tukiweka huo mpya, nakshi zangu?"

"Zitakuwamo, mama," shemeji akasema. "Ila hutaweza kuzifungua."

"Kuwamo na kutofunguka ni kitu gani? Si ndilo kaburi?"

Shemeji hakutaka kushindwa. Akaifungua laptopu yake, yenye mfumo mpya na programu mpya ya kuchorea, akaiweka mbele ya mamangu. "Jaribu hii, mama. Utaisahau ile."

Mamangu akavaa miwani na kushika kipanya. Mkono ule ule ambao kwenye kompyuta yetu hupita bila hata kutazama, sasa ukawa wasimama, wasogea, warudi. Akatafuta penseli, akafungua rangi. Akatafuta kifutio, ukurasa wote ukageuka mweusi. Alipopata mstari, ulikwenda chini kama mlevi anayeshuka ngazi. Akajaribu tena, na tena. Sisi tulikuwa tumeanza kutania, shemeji akisema hiyo ndiyo kofia yangu mimi kwa kuwa kichwa changu pia kimepinda. Kisha tukaona hajibu.

Mamangu kutojibu! Mwanamke ambaye angeweza kubishana na mwadhini kuhusu saa. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya leso.

"Huku mimi ni mgeni," akasema polepole. "Na harusi ni mwezi ujao."

Nilisahau viatu vya Idi. Nilisahau cheti. Nilimtazama shemeji, naye alikuwa ameishusha kofia yake mapajani, azungusha kidole juu ya vitundu vyake.

"Twaikata intaneti," nikasema. "Mfumo uwe huu huu. Mashine isitoke nje, na nje kusiingie ndani."

"Itabaki na umri wake," shemeji akaonya, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali. "Siku moja kifaa kitavunjika, na nakshi nazo."

"Basi tuzichapishe zote kwenye karatasi," nikamjibu. "Na wewe ulete diski ya akiba, usije mikono mitupu kama leo."

"Mikono mitupu? Nimekuja na tumbo!"

Mamangu mwenyewe ndiye aliyechomoa waya wa intaneti, kwa ukali, kama anayemng'oa mtoto jino. Kisha akavuta kiti, akatufukuza pale mezani, akarudi kwenye ua lake. Kwa mfumo uliokwisha muda wake akalimaliza kabla ya magharibi, na dada yangu mdogo akaitwa kutoka jikoni kuja kulikubali. Alilitazama muda mrefu, mikono ina unga, asiweze kuligusa.

Bwana harusi aliivaa kofia yake siku ya harusi, na sifa alizozipata zilitosha kumwoza mara ya pili.

Mfumo mpya haukusamehewa, lakini haukufukuzwa pia. Jumamosi nyingine shemeji huja na laptopu, na mamangu huketi nayo kwa muda wa kunywa kahawa. Amekwisha kuchora jani zima. Mimi nasema ni samaki, naye asema nimekosa adabu, na kwamba wa kwanza kuvaa nakshi hiyo nitakuwa mimi.