Bati Nililolifungua kwa Ajili ya Mama Mkwe

Jamani, hii habari nimeikwepa miaka, maana kila nikifika katikati jasho linanitoka upya, lakini leo mmenibana, basi sikieni, na mwenye kucheka acheke, nimeshachekwa na kijiji kizima pamoja na ofisa wa serikali.

Mimi ndiye mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji chetu, huko upande wa Guta. Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, mama mkwe alikaa mbali, karibu na Nyasura, na tuliheshimiana vizuri sana: mimi simwoni, yeye hanioni. (Kwetu hukutani uso kwa uso na mama wa mkeo, mmoja anaingia porini mwenzake apite, na kugusana ndiyo usiseme, hilo linaitiwa wazee.) Ikaja Ujamaa, tukapangwa kwa mistari, naye akagawiwa kiwanja nyumba ya nne kutoka kwangu. Na mashine ilikuwa moja tu. Angesagia wapi?

Basi kila akija na kikapu chake cha mtama, mimi natafuta pa kutokea. Mlango wa mbele umejaa wanawake, na njia ya kwenda mlango wa nyuma ilizibwa na bati la kinga, lile linalofunika mkanda kati ya injini na kinu. Siku moja nikachukua spana, nikalifungua, nikaliegemeza ukutani, nikajiambia nitalirudisha kesho. Nafasi ikapatikana ya kupita kiubavu, mkanda unakupepea tumboni, na miezi ikapita.

Halafu ikaja barua: ofisa wa kazi anatoka Musoma kukagua usalama. Katibu wa kijiji akaniambia, "Ndugu, huyu akifunga mashine, wake zetu wanarudi kwenye mawe. Na utawajibu wewe."

Mara mbili nilikwenda na spana kurudisha bati, mara mbili mkono ukagoma: je, mama akija ofisa akiwepo, nitatokea wapi? Nikaamua nitamwonyesha mashine ikiwa imezimwa, nikatundika magunia mbele ya mkanda, nikavaa na bugaluu yangu, suruali pana chini inayofagia njia (najua, viongozi hawakuzipenda, lakini ndiyo suruali pekee isiyo na kiraka niliyokuwa nayo).

Ofisa alikuwa mpole, mtu wa miwani. Akaulizia sanduku la huduma ya kwanza, lipo (ndani mlikuwa na ugoro wangu, namshukuru Mungu hakulifungua). Ndoo ya mchanga, ipo. Nikaanza kupumua. Ndipo akasema, "Haya, washa tuione ikifanya kazi."

Nikawasha. Injini imeshika mwendo, nikasikia wanawake mlangoni, "Mpisheni Mama Nyamisi, ana mgonjwa nyumbani." Nyamisi ndiye mke wangu.

Sikufikiri. Nikamwacha ofisa anaandika, nikasukuma magunia, nikapita kiubavu kama kawaida yangu, ila kawaida yangu sikuwa navaa bugaluu. Mkanda ukadaka upindo. Ndugu zangu, mguu ulivutwa kuelekea gurudumu la injini, nikaona kabisa huu unakwenda, nikakumbatia nguzo nikapiga yowe. Ofisa anapiga kelele, "Zimeni! Nani anajua kuzima?" Hakuna. Kijiji kizima aliyejua kuzima ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa naliwa.

Mara mikono miwili, ya mtu aliyezunguka mbio nje, ikaingia kwa mlango wa nyuma, ikanikamata kiunoni, ikavuta kama inang'oa muhogo. Kifungo kikaruka, suruali ikachanika, ikaenda kuzunguka na gurudumu mpaka mkanda ukachomoka, na mimi nikaangukia nje na bukta ya kitambaa cha mfuko wa sukari, juu ya mama mkwe, na foleni yote imeshazunguka nyuma kutazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Ofisa akatokea na daftari. "Kinga ya mkanda iko wapi?"

"Ukutani."

"Nani aliitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikatazama mchanga. "Kwa sababu ya mama mkwe."

"Mama mkwe yupi?"

Watu wote wakamgeukia yeye, amenipa mgongo, anafunga kanga yake upya. Hapo ndipo kicheko kilipoanza.

Mashine ikafungwa mpaka bati lirudi kwa boliti mpya na watu wawili wafundishwe kuzima. Wiki mbili wanawake walisaga kwa mawe, na kila jiwe likilia nilijua linanisema. Wazee wakaita kikao, kondoo akachinjwa kututakasa. Mama alikaa nje, nyuma ya ukuta, wakamuuliza ilikuwaje akamgusa mkwewe.

"Mwiko naujua, nimeushikaga miaka yote," akasema. "Sasa ningeshika mwiko, mngempa binti yangu mguu mwingine wa mumewe?"

Mimi machozi yalinitoka, siwafichi.

Nikaapa siku ile: bati halifunguliwi mashine ikiwaka, aje nani, aje mkwe. Siku hizi mama akija, anaweka kikapu mlangoni, anageuka, mimi natazama chini namsagia. Aibu bado ninayo, tena tele, lakini naibeba nikiwa nimesimama kwa miguu yote miwili.