Kikohozi cha Zaina

Ipo siku moja nikiikumbuka, mwanangu, hadi leo natamani kujificha: siku niliyomfukuza mdogo wangu Zaina mbele ya watu. Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia hapa Kisangani, msichana wa kujisikia kweli, koti jeupe halinitoki mwilini hata sokoni. Zaina alikuwa na miaka tisa. Tangu azaliwe alikohoa kikohozi kizito, asubuhi na jioni, na nyumbani tulimnyamazisha wageni wasisikie. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani alitaka kuambiwa hayo?

Mchana huo mama alimtuma aniletee lituma, ndizi za kupondwa, na samaki maabarani. Akaingia, akakohoa, wenzangu wakageuka.

"Zaina, toka inje! Unanipatisha haya."

Papa Saleh, mzee aliyetutunzia hadubini, hakunigombeza. Alimkalisha Zaina kwenye kiti changu, akamwekea chini ya hadubini kipande cha koo la chura alichokuwa ametuandalia sisi, akanyunyizia unga wa makaa juu yake. Unga ukaanza kusafiri wenyewe.

"Papa, inatembea!" Zaina akasema.

"Ni vinyweleo, mama, kama nywele ya mu koo. Iko mingi, midogo sana. Haipige yote mara moja. Moja inaanza, jirani inafuata nyuma kidogo, na ingine nyuma yake. Kwenda inajinyoosha, inasukuma. Kurudi inajikunja, kusudi isirudishe ile imekwisha kusukuma."

Kisha akanigeukia mimi.

"Hata mu kifua yetu iko, inapandisha makohozi. Kuko batu benye kuzaliwa na vinyweleo yenye haisikilizane. Pengine mutoto huyu iko vile, mi si munganga. Lakini bon, kama vinyweleo haifanye kazi, kikohozi ndiyo inafanya. Na weye unaikataza?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kumbe mtoto alikuwa akijisafishia kifua peke yake, nasi kila tulipomnyamazisha tulimzibia njia.

Daktari tuliyempelekea Zaina hakuwa na chombo cha kuvipima vinyweleo vyake, ila alitufundisha kumlaza kifudifudi na kumgongagonga mgongo mpaka makohozi yatoke. Asubuhi mama, mchana mimi, jioni baba. Polepole homa zilizomtoa shule zikapungua, akarudi darasani.

Leo Zaina anauza vitambaa mtaa wa Makiso, na kwa maneno anamshinda dalali yeyote. Lakini akikohoa mbele yangu huziba mdomo kwa kitenge, akanitazama kwanza aone kama nimekasirika. Miaka yote hii! Nimemwomba radhi mara nyingi, naye hucheka, na bado huziba mdomo. Roho huniuma, mwanangu.

Basi usimwonee haya ndugu yako kwa kile kinachomweka hai. Ukiwa na nguvu, sukuma. Zamu yako ikiisha, jikunje kidogo, usimrudishe mwenzako alikokwisha kutoka. Na kabla hujamwambia mtu anyamaze, uliza kwanza ana mzigo gani.

Mungu akupe kifua chepesi, mwanangu, na akupe watu wa kukupokea utakapochoka.