Bosi alininyang'anya tishati zangu, zikaishia Wusi

Wakuu, salamu kutoka Voi, vumbi na jua kama kawaida. Haya yamenipata mwenyewe, na chumvi nimeweka kidogo tu kwa sauti ya bosi.

Mimi ni gay. Mwenye mahubiri anisubiri nimalize.

Nafanya kazi kwa duka la kuchapisha tishati: za harambee, za kwaya, za matanga. Nilikuwa kaunta na nilipapenda sana. Siku moja bosi akanivuta kando.

"Kijana, hiyo sauti na hizo kucha zitanifukuzia wateja. Kaa huko nyuma na mashine."

Huko nyuma hakuna hata dirisha. Nililia, sitaficha.

Sasa, duka letu lina sheria: Ijumaa kila mfanyakazi avae kitu tulichochapisha wenyewe, iwe tangazo. Wenzangu huvaa za kwaya. Mimi nikachora yangu.

Pinki kabisa. Ndovu dume wa Tsavo, mwekundu kwa vumbi, amepaka lipstick. Chini yake, herufi kubwa: SIOMBI RUHUSA.

Bosi akaniangalia juu mpaka chini.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni sample, boss. Si leo ni Ijumaa?"

Wakesho, aliyechukua nafasi yangu kaunta, akainama kujifanya anatafuta kalamu. Mabega yalikuwa yanacheka.

Ijumaa iliyofuata nikaja na ya zambarau, jogoo amevaa hereni: NIMEPENDEZA NA NAJUA. Hapo bosi akachoka. Alinibadilisha hapo hapo, akazichukua zote mbili, akasema nikirudia nitafute kazi kwingine.

Lakini wakuu, mnajua watu wa huku. Tishati nzima haitupwi, hata ya mwanasiasa aliyeanguka inaenda shamba. Bosi akampelekea mamake kule Wusi milimani avae akipalilia. Nani atasoma tishati katikati ya mahindi?

Siku ya soko mama huyo akashuka Voi kununua dawa ya ng'ombe, akapitia dukani kumsalimia mwanawe. Leso kiunoni, ndovu wangu kifuani.

Mimi nachungulia kwa mlango wa nyuma.

"Nani alichora hii? Kikundi chetu cha akina mama kinaitaka."

Bosi alikohoa weee. "Ni kijana wa huko nyuma."

Nikaitwa. Yule nyanya akaangalia kucha zangu, akaangalia lipstick ya ndovu.

"Na ni kweli, kama mwanangu anavyolalamika, wewe hupendi wasichana?"

Ningeweza kudanganya. Kazi yangu ilikuwa imesimama pale kwa mlango, tayari kutoka.

"Ni kweli, nyanya. Napenda wanaume."

Akakaza leso kiunoni.

"Hayo ni yako na Mungu wako." Akamgeukia mwanawe. "Lakini wewe, mtu anakuletea wateja unamficha kama gunia la panya? Huyu atanihudumia mimi, hapa mbele. Na kijana, huu mdomo wa ndovu umeupaka mpaka shavuni. Zetu upake vizuri."

Bosi hakuniomba msamaha. Ila Jumatatu nilikuta kiti changu kaunta kimepanguswa, na Wakesho amesogea pembeni anatabasamu. Nilifurahi mpaka nikahudumia mtu aliyekuwa anauliza njia tu.

Nilichojifunza: ukijikunja ili wengine wakae vizuri, hakuna atakayekuambia sasa nyooka. Nyooka mwenyewe.

Haya, nyinyi mmewahi kuvaa nini kazini bosi akakosa usingizi? Mwageni hapa chini, nasoma zote.